Miaka Ambayo Mkanda Uliruka

Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa, atasukumwa kutoka ghorofani, atapotea hata nusu saa nzima, lakini lazima arudi. Tumeizoea mpaka tunaitumia kwa watu wa kweli. Tangu Machi 2023 kuna hadithi inayozunguka sana huku kambini, kwenye simu za vijana na hata kwenye semina za mashirika: mkimbizi aliyeshinda Oscar. Jina lake Ke Huy Quan. Inasimuliwa hivi: alikimbia vita Vietnam, akakaa kambini, akaenda Marekani, akawa staa. Dakika mbili, makofi, tunaendelea na ajenda.

Hadithi ni ya kweli na naipenda. Ila imekatwa vibaya, kama mkanda ambao mwenye kibanda ameuruka katikati ili awahi kuingiza watu wa shoo inayofuata. Palipokatwa pana zaidi ya miaka ishirini, na historia iko hapo.

Nianze na hilo neno vita. Vita ya Vietnam iliisha Aprili 1975. Quan alizaliwa Saigon mwaka 1971, katika familia yenye asili ya Kichina, na walitoka nchini 1978, yaani miaka mitatu baada ya bunduki kunyamaza. Ndugu zetu wa mashirika pengine watashangaa. Sisi wengine wala. Si ndiyo kawaida? Amani ikishatangazwa ndipo watu wanaanza kuulizwa duka hili ni la nani, na babu yako alitoka wapi. Machi 1978 serikali mpya ilipiga marufuku biashara binafsi kule kusini, na pigo kubwa likawaangukia Wachina wa Vietnam, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara. Familia ya Quan ikagawanyika: baba na baadhi ya watoto, yeye akiwemo, wakaishia kambini Hong Kong; mama na wengine wakaishia Malaysia. Walikutana tena Marekani, 1979.

Mwaka huohuo wa 1979, mwezi Julai, mataifa yalikutana Geneva na kuahidi nafasi 260,000 za kuwahamishia watu wa Indochina nchi za tatu. Hong Kong peke yake ilipitiwa na Wavietnam zaidi ya 200,000 hadi kambi ya mwisho ilipofungwa mwaka 2000. Lakini kuanzia Juni 1988 mambo yalibadilika. Aliyefika baada ya hapo hakuhesabiwa mkimbizi moja kwa moja. Alifungiwa nyuma ya seng'enge akisubiri usaili, na wengi walirudishwa. Aliyefika 1978 na aliyefika 1989 walivuka bahari ileile. Nalisema hili kwa sababu huwa tunaambiwa kwamba Quan alifika pale kwa bidii. Bidii alikuwa nayo, sikatai. Alikuwa na tarehe nzuri pia.

Sasa tuingie kwenye sinema. Miaka ya themanini kijana mwenye sura ya Kichina alikuwa anaingia katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa na historia, na mlango huo ulishagongwa na Bruce Lee.

Bruce Lee sote tunamdhani ni mtu wa Hong Kong, kumbe alizaliwa San Francisco, Novemba 1940, baba yake akiwa ziarani na kundi la opera ya Kikantoni. Alilelewa Hong Kong, lakini cheti cha kuzaliwa kilikuwa cha Marekani, na mwaka 1959 kikamrudisha huko. Alikuwa na karatasi zote. Alikuwa na Kiingereza. Alikuwa na mwili ambao kamera ilikuwa inahangaika kuufuata. Akapewa nini? Mwaka 1966 alipewa Kato, dereva mwenye kinyago katika The Green Hornet, mtumishi wa bwana mkubwa. Tamthilia ikafutwa 1967 baada ya msimu mmoja. Ilipofika Hong Kong, watu wa kule wakaiita shoo ya Kato. Bwana mkubwa hawakumjali.

Baadaye ikaja tamthilia ya Kung Fu, habari za mtawa wa Shaolin anayezunguka magharibi ya Marekani. Iliporushwa mwaka 1972, mtawa yule alikuwa David Carradine, Mzungu. Bruce Lee alishaeleza kwenye mahojiano ya televisheni mwishoni mwa 1971 kwamba wenye fedha waliogopa: stelingi Mchina ni hasara. Wakati huo alikuwa amerudi Hong Kong. Raymond Chow wa Golden Harvest alimpa The Big Boss mwaka 1971, ikafuata Fist of Fury 1972, na Hollywood ndipo ikageuza shingo. Enter the Dragon iligharimu chini ya dola milioni moja. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, wiki chache kabla haijaanza kuonyeshwa. Hakuiona ikiingia kwenye majumba ya sinema.

Wengi huishia hapo, kwa marehemu. Mimi napenda kuangalia wale waliokuwa wanapigwa naye. Katika Fist of Fury, mtu anayerushwa hadi bustanini kwa teke la mwisho si yule mwigizaji wa Kijapani bali kijana aliyevaa nguo zake: Jackie Chan. Katika Enter the Dragon, sarakasi ngumu za Bruce Lee mwenyewe alizifanya Yuen Wah. Na miongoni mwa wanafunzi na wahuni wanaojaa kwenye mikanda ya wakati ule yumo mwingine, Corey Yuen. Hawa watatu walitoka shule moja, chuo cha opera ya Kipeking cha mwalimu Yu Jim-yuen. Watoto waliingizwa kwa mkataba, wakilala na kula hapohapo, wakichapwa, wakisimama kwa mikono saa nzima. Wengi walichukua neno Yuen kutoka kwa jina la mwalimu na kulifanya lao. Opera ilipokosa watazamaji, walibaki na miili yenye ujuzi usio na soko. Sinema ikawanunua kwa siku, kwa kuanguka.

Jackie Chan aliachwa shuleni pale akiwa na miaka saba hivi. Wazazi wake walienda Australia kufanya kazi katika ubalozi wa Marekani. Alikua akijijua mtoto wa pekee. Filamu ya kumbukumbu iliyotoka 2003, Traces of the Dragon, ilionyesha mengine: wazazi wake walikuwa wamekimbia China bara, kila mmoja akiwa ameacha watoto nyuma. Baba alibadilisha hata jina la ukoo. Mtu aliyechekesha dunia nzima alikuwa na ndugu upande wa pili wa mpaka, na hakuwa na habari. Hapa kambini sidhani kama kuna boma lisilo na hadithi ya namna hiyo.

Hollywood ilimwita Jackie mwaka 1980, kwa The Big Brawl. Haikushika. Mwaka uliofuata, katika The Cannonball Run, walimpa nafasi ya dereva wa Kijapani. Kwao Mchina na Mjapani walikuwa mamoja. Mwaka 1985 wakajaribu tena na The Protector, wakamfanya polisi mgumu wa Kimarekani asiye na utani. Yeye akarudi Hong Kong, na mwaka huohuo akatengeneza Police Story kwa mikono yake, labda kazi yake bora kuliko zote. Mlango ulifunguka na Rumble in the Bronx, iliyoshika nafasi ya kwanza Marekani Februari 1996. Inasemekana tuko New York, ila ilipigwa Vancouver, na ukiangalia vizuri unaona milima nyuma ya majengo. Bronx ina milima? Kisha ikaja Rush Hour, 1998, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani, akiwa sambamba na Chris Tucker, na utani mwingi ukiwa ni juu ya Kiingereza chake.

Niseme kitu kidogo kuhusu upande wetu. Sisi utani ule hatukuusikia. Tulimpokea Jackie Chan kupitia watafsiri, Lufufu kule Tanzania na DJ Afro hapa Kenya, waliozungumza juu ya picha. Kwenye vibanda vyao hakuwahi kuwa mgeni wa kuchekwa kwa lafudhi. Aliongea Kiswahili cha kijiweni, alitukana vizuri, alikopa pesa na kukimbia deni. Hollywood ilihitaji miaka kumi na minane kumpa sauti aliyopewa na mtu mmoja mwenye maikrofoni.

Jet Li naye, bingwa wa wushu wa taifa la China tangu utotoni, aliingia Marekani mwaka huohuo wa 1998 kupitia Lethal Weapon 4. Kama adui. Anauawa. Miaka miwili baadaye wakampa Romeo Must Die, na humo Romeo wa watu hapewi hata busu.

Aliyepanga mapigano katika sinema zote mbili za Jet Li ni nani? Corey Yuen, yule mwanafunzi wa zamani. Ukimfuata huyu bwana unapata historia nzima kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1985 aliongoza Yes, Madam, iliyompa nafasi ya mbele msichana wa Malaysia aliyesomea densi ya baleti, Michelle Yeoh. Aliongoza No Retreat, No Surrender, ambamo kijana mmoja wa Ubelgiji, Van Damme, alianza kuonekana, akiwa adui wa Kirusi. Alimfundisha kila mtu jinsi ya kuonekana hatari. Jina lake liko kwenye maandishi ya mwisho, pale mwenye kibanda anapochomoa mkanda.

Na huyo ndiye aliyempigia simu Ke Huy Quan.

Quan alianza kwa bahati. Mwaka 1983 hivi walikuja watu shuleni kwao, mtaa wa Wachina wa Los Angeles, kutafuta mtoto wa kuigiza. Alimsindikiza mdogo wake, akawa anamwelekeza, wakamwona yeye. Indiana Jones and the Temple of Doom ikatoka 1984, The Goonies 1985. Halafu kimya. Alikua, akajifunza taekwondo, na hakukuwa na mtu anayeandika nafasi za kijana wa Kivietnam. Vinafasi vidogo, vya mistari miwili. Akaacha kuigiza, akaenda Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kusomea utengenezaji wa filamu, akamaliza mwaka 1999. Ndipo Corey Yuen akamwita Toronto kusaidia kupanga mapigano ya X-Men, iliyotoka 2000. Akasaidia tena kwenye The One ya Jet Li, 2001. Akaenda Hong Kong kuwa msaidizi wa Wong Kar-wai kwenye 2046.

Hiyo ndiyo sehemu inayorukwa kwenye semina. Zile ngumi mlizopiga makofi kwenye X-Men zilipitia mikononi mwa mkimbizi wa zamani, na hakuna aliyeona uso wake. Kuna watu hapa kambini wanaotafsiri kila usaili na kila mkutano, kwa posho badala ya mshahara, na ripoti ikitoka wanaitwa "jamii". Hao hawahitaji kuelezwa miaka ile ya Quan ilikuwaje.

Alirudi kuigiza baada ya kuona Crazy Rich Asians, 2018, iliyojaa nyuso za Waasia. Everything Everywhere All at Once kwanza ilikuwa imefikiriwa kwa ajili ya Jackie Chan. Waongozaji wakabadilisha mawazo, stelingi akawa mwanamke, Michelle Yeoh, na Quan akawa mume wake mpole, mwenye duka la kufulia nguo. Kuna pigano ambalo anawaangusha walinzi kwa mkoba wa kufunga kiunoni. Ukiijua Hong Kong ya zamani unaiona shule nzima ya Yu Jim-yuen katika mkoba ule: kitu cha kawaida mkononi, mwili mzima kwenye fremu moja, kicheko na maumivu kwa pamoja. Walioongoza upangaji wa mapigano ni ndugu wawili wa Marekani wenye asili ya Kivietnam, Andy Le na Brian Le. Hawakusoma opera kwa mtu yeyote. Walijifunza kwa kuangalia mikanda ya Hong Kong na kuirudia, kama wavulana wa hapa wanavyofanya kwenye mchanga nyuma ya bomba la maji, tofauti ikiwa wao walikuwa na kamera.

Filamu ilitoka 2022. Machi 2023 ilichukua Oscar saba, ikiwemo ya Yeoh, Mwasia wa kwanza kushinda ya mwigizaji bora wa kike, na ya Quan. Jukwaani alitaja mashua na kambi, na kila mtu alilia, hata mimi. Corey Yuen hakuyaona hayo. Alishafariki mwaka 2022, na habari za kifo chake hazikujulikana hadharani mpaka 2024, Jackie Chan alipomwandika miongoni mwa wenzake waliotangulia.

Mwaka 2025 Quan alipata sinema yake ya mateke, Love Hurts, akiwa stelingi kwa mara ya kwanza, na miaka 53. Kusema kweli si nzuri sana. Hadithi ni nyepesi na tiketi hazikuuzwa. Lakini mtazameni anavyopigana jikoni.