"Power": nguvu, uwezo au mamlaka?

Msikilizaji, katika kitongoji cha Westmead, magharibi mwa Sydney, ipo hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1978. Katika jimbo hilo la New South Wales, familia yenye mzee anayeugua aghalabu hushauriwa kuandaa mapema hati ambayo kwa Kiingereza huitwa "power of attorney". Mwenye kutafsiri neno kwa neno atasema "nguvu ya wakili". Hapo ndipo familia hupotea njia, kwani hati hiyo haihusu nguvu, na anayepewa si lazima awe mwanasheria.

Neno "power" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuweza. Kutoka kwenye uwezo likapanuka hadi mamlaka ya wafalme, kisha likawa jina la dola lenyewe. Katika karne ya 18, James Watt alipolinganisha mashine zake za mvuke na farasi, likawa kipimo cha kazi. Baadaye likabeba umeme pia.

Kiswahili kiligawa mzigo huo. Nguvu na uwezo ni maneno ya Kibantu. Mamlaka, madaraka na wakili yana asili ya Kiarabu. Wakili wa zamani alikuwa mtu yeyote aliyesimama mahali pa mwenziwe, si mwanasheria pekee.

Historia ya Kenya inaonyesha faida ya mgawanyo huu. Tarehe 1 Juni 1963 nchi ilipata serikali ya ndani, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu, na siku hiyo ikaitwa Madaraka. Ulinzi na mambo ya nje vilibaki mikononi mwa Waingereza hadi Uhuru, tarehe 12 Desemba. Wananchi walijua kwamba kupewa madaraka si kukabidhiwa mamlaka yote.

Utambuzi kama huo ndio unaohitajika Westmead. Kwa sheria ya New South Wales ya mwaka 2003, mwenye akili timamu humpa mwingine mamlaka juu ya fedha na mali yake. Hati ya kawaida hukoma mwenyewe akipoteza uwezo wa kuamua; ile ya kudumu huendelea. Hata hivyo, haigusi matibabu: kwa hayo, mlezi huteuliwa kwa hati nyingine.

Basi mzee aweza kuishiwa nguvu, akabaki na uwezo wa kuamua. Huo ndio wakati wa kutia saini. Uwezo ukishatoweka, amechelewa. Kilichobaki ni mamlaka aliyokwisha kuyatoa. Kiingereza husema "power" pote hapo. Kabla kalamu haijashikwa, mkalimani na aulizwe: ni "power" ipi?