Turudi Arusha, sehemu ya 3: Mama aliyeitwa J

Kwa waliokosa sehemu mbili za mwanzo: likizo hii nimewarudisha wanangu Arusha, mji niliosomea unesi kuanzia mwaka 1997. Tulishakunywa mtori, tukaona Mlima Meru ukitoka kwenye mawingu asubuhi. Leo tunatembea mjini. Ila watoto walale kwanza, kuna mahali si pa masikio yao.

Binti yangu ana miaka 12. Aliniuliza kwenye basi, "Mama, kwani Arusha iliwahi kuwa mji mkuu?" Wa Tanzania, hapana. Lakini mwaka 1967 TANU ilipitisha hapa Azimio la Arusha, na mwaka huohuo mji ukafanywa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ikavunjika 1977. Mkataba wa kuifufua ukasainiwa hapahapa tarehe 30 Novemba 1999. Kwa hiyo nilimjibu: ni mji mkuu wa majirani. Watu wakigombana au wakitaka kupatana, wanakuja Arusha.

Tukaanzia Boma. Ni lile jengo jeupe juu ya Mnara wa Saa, siku hizi ni makumbusho ya elimu viumbe. Mdogo wangu wa miaka 7 alipenda mambo ya binadamu wa kale, hakutaka kutoka. Dada yake akauliza swali la wakubwa: "Nani alijenga?"

Jibu la haraka ni Wajerumani, mwaka 1900. Jibu la kweli ni Waarusha na Wameru, kwa kulazimishwa. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa huku kwenye miteremko ya Meru. Wajerumani wakalipiza kwa vita, wakachoma makazi na kuchukua ng'ombe. Tarehe 2 Machi 1900 wakawanyonga kule Moshi Mangi Meli na wenzake, wakiwemo viongozi wa Wameru na Waarusha. Halafu waliobaki wakabebeshwa mawe ya Boma. Majina ya wabeba mawe hayapo ukutani. Hakuna aliyewauliza kitu.

Tukatoka nje tukakaa kivulini, maana mdogo alikuwa na njaa. Hapo nikawasimulia habari ya Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Wewe mama hebu fikiria, Novemba hiyo mvua imeshaanza, una kichanga mgongoni na nyumba inaungua.

Safari hii Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Dunia ikamsikia. Ardhi hawakurudishiwa siku ile, lakini kesi yao ikawa moja ya vitu vilivyowaamsha Watanganyika kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa. Miaka miwili baadaye TANU ikaanzishwa.

Binti akasema, "Kwa hiyo alisema, wakamsikia, lakini hawakufanya kitu?" Nikamwambia ndiyo, inatokea. Sasa twende nikuonyeshe pale waliposikia na kufanya.

Kutoka Boma hadi AICC si mbali, hata mtoto anatembea. Ni yale majengo matatu marefu yaliyounganishwa, yana majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa kwa ajili ya ile Jumuiya ya kwanza. Mimi nikiwa mwanafunzi nilipita pale kila wiki na daladala, nikiwaza mtihani wa anatomia. Nilijua kuna "mahakama ya Rwanda" mle ndani. Kilichokuwa kinatokea sikukijua, na ndicho kimenifanya niandike leo.

Umoja wa Mataifa uliunda mahakama hiyo Novemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari, ikakaa Arusha hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Januari 1997 ilianza kumsikiliza Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Hati yake ya mashtaka ilikuwa na mauaji na mateso. Neno ubakaji halikuwemo.

Akaja shahidi mmoja. Kwa usalama wake hakutajwa jina, alipewa herufi tu: J. Akiwa anatoa ushahidi, akasema jambo ambalo halikuwa kwenye mashtaka: binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu.

Mama zangu, hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma habari hii. Ingewezekana kabisa mtu kumwambia, "Mama, jibu ulichoulizwa." Mimi mwenyewe, wodini, foleni imefika mlangoni, nimeshawahi kumkatisha mama kwa maneno kama hayo. Naandika hili kwa aibu.

Majaji hawakumkatisha. Walikuwa watatu, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Walimsikiliza, wakauliza zaidi. Akaja shahidi mwingine, H, naye akasema yaliyompata. Watetezi wa haki za wanawake nao wakapaza sauti. Juni 1997 mashtaka yakabadilishwa, ubakaji ukaongezwa. Wanawake wengine wa Taba wakapanda ndege kuja Arusha kusema.

Tarehe 2 Septemba 1998 hukumu ikasomwa. Akayesu alikutwa na hatia ya mauaji ya kimbari, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Akafungwa maisha. Tangu siku hiyo hukumu hiyo inatajwa kwenye mahakama nyingi duniani. Ilitoka hapo, unapopita na daladala kwenda sokoni.

Binti yangu alinyamaza kitambo. Nilimweleza kwa maneno ya umri wake, sikumwambia yote. Akauliza, "Yule mama alijuaje kwamba watamwamini?" Nikasema nadhani hakujua. Alisema tu, na safari hii kuna aliyenyamaza akamsikiliza.

Basi, nesi wenu ana ombi moja. Mtoto akikuambia jambo ambalo hukumuuliza, hata ukiwa jikoni na mkaa umewaka, acha kwanza. Usimwambie "nyamaza, unatuaibisha." Usimhoji kama polisi. Mwambie umemwamini.

Na kama ni jambo lile baya, usimwogeshe, usifue nguo zake, mpeleke hospitali haraka. Dawa ya kumkinga na VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kila kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya mtoto ni 116, ni bure. Usikubali kesi iishie kwa wazee kwa mbuzi na soda.

Mkifika Arusha na watoto, nendeni Boma, nendeni na Mwenge wa Azimio kule Kaloleni mkapige picha. Lakini mkipita AICC, simameni dakika moja. Hakuna sanamu ya mama J pale. Mweleze mwanao mwenyewe.

Sehemu ya 4 tutapanda Engare Nanyuki. Usiku mwema.