Bonde la Ufa: Matabaka ya Dunia na Mwendo wa Mabamba Yake

Bonde la Ufa ni mpasuko mkubwa wa ardhi uanziao nchi ya Afar, kaskazini-mashariki ya Uhabeshi, ukashuka kusini kwa mikono miwili hata ukafika Malawi na Msumbiji. Na ni miongoni mwa pahali pachache ulimwenguni ambapo mwanadamu, hali amesimama nchi kavu, aweza kuziona kwa macho yake alama za bara linalogawanyika. Sababu ya mgawanyiko huo haiko juu ya ardhi bali imo ndani yake, na kwa hiyo yafaa kuanzia huko.

Kutoka uso wa nchi hata kitovu cha dunia ni masafa ya kilomita 6,371 hivi, wala hapana chombo kilichopata kuyakata: kisima cha Kola, katika Urusi, kilichochimbwa kwa ajili ya elimu tu na kuvipita vyote kwa kina, kilikomea mita 12,262, ambazo hazitimii sehemu moja katika mia tano za safari hiyo. Mjumbe wa habari za ndani ni zilizala. Ardhi itetemekapo, mawimbi yake hupenya dunia nzima, yakaongeza kasi, yakapinda au yakazimika kwa kadiri ya asili ya kitu yanachokipitia, na wenye mizani ya kuyapima huyasoma yanapotokea upande wa pili. Kwa njia hiyo Andrija Mohorovičić wa Zagreb alitambua, mwaka 1909, mpaka kati ya ganda la dunia na tabaka lililo chini yake. Na mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark, akizingatia mawimbi dhaifu ya tetemeko lililotokea New Zealand mwaka 1929, ambayo yalionekana pasipotazamiwa, alidhihirisha kwamba ndani ya kiini kilichoyeyuka mna kiini kingine. Ni nadra katika historia ya elimu kupata hoja iliyojengwa kwa dalili ndogo kiasi hicho ikasimama imara kiasi hicho.

Ganda la juu lina unene wa kilomita 30 hadi 50 aghalabu chini ya mabara, na kilomita 7 tu hivi chini ya bahari kuu. Chini yake liko koti, lishukalo hata kilomita 2,890, nalo si moto wa majimaji kama wengi wadhanivyo, bali ni jabali gumu ambalo, kwa ukali wa joto na kwa urefu wa dahari, hujongea polepole kama nta iliyopata jua. Kisha huja kiini cha nje, chuma na nikeli iliyoyeyuka, ambayo mizunguko yake ndiyo izaayo nguvu za sumaku ziongozazo dira ya nahodha. Na ndani kabisa kiini kigumu, ambacho joto lake lapita yote, lakini mgandamizo wa dunia nzima haukiachi kiyeyuke. Kwa kawaida mambo haya yamefichika, ila katika milima ya Oman sakafu ya bahari ya kale, yenye umri wa miaka milioni 95 hivi, ilisukumwa ikapanda nchi kavu, ikapandisha pamoja nayo majabali ya koti, hata msafiri aweza kuukanyaga kwa miguu yake mpaka ule wa Mohorovičić.

Ganda, pamoja na sehemu ya juu ya koti iliyopoa, limevunjika kuwa mabamba, makubwa saba na madogo mengi; mengine hugongana, mengine hupishana, mengine huachana. Alfred Wegener wa Ujerumani alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja yakatengana, lakini alipoulizwa ni nguvu gani iyasukumayo hakuwa na jawabu la kuwaridhisha wenziwe, akafa katika barafu ya Greenland mwaka 1930 akiwa bado amekataliwa. Arthur Holmes wa Uingereza, aliyepata kutafuta madini Msumbiji katika ujana wake, alijibu kwamba ni joto la koti lipandalo na kushuka. Na baada ya Harry Hess kueleza, mwaka 1962, jinsi sakafu ya bahari izaliwavyo upya katikati ya bahari kuu, ubishi ulikwisha kabla ya miaka kumi kupita.

Huku kwetu bamba la Somalia, lililobeba Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, laachana na bamba la Nubia kwa milimita chache kila mwaka, zikizidi upande wa kaskazini na kupungua kusini. J. W. Gregory, aliyelizuru bonde mwaka 1893, alifahamu kwamba halikuchimbwa na mto wowote, bali sakafu yake ilididimia kati ya nyufa mbili zilizo sambamba. Mkono wa magharibi una maziwa ya kina kirefu, na Tanganyika, lenye mita 1,470, lina kitako kilicho chini sana ya usawa wa bahari. Ilhali Ziwa Viktoria, lililotanda kati ya mikono miwili pasipo ufa, halina ila mita 80 hivi. Mkono wa mashariki umejaa volkeno, na miongoni mwake Ol Doinyo Lengai, mlima pekee duniani utoao katika zama zetu zaha ya magadi, nyeusi, isiyo na joto la zaha nyingine, igeukayo nyeupe kwa muda mfupi baada ya kupata unyevu.

Mwendo huo si wa taratibu siku zote. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa liliitikisa nchi ya Rukwa. Januari 2002 zaha ya Nyiragongo iliingia mjini Goma. Na Septemba 2005, huko Afar, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 katika siku chache, kingo zake zikaachana mahali pengine kadiri ya mita 8. Joto lilo hilo la ndani ya dunia, karibu na Naivasha, limenaswa kwa visima vya Olkaria, na tangu 1981 mvuke wake unazungusha mitambo ya umeme wa Kenya.