Huzuni na Tafakuri ya Nafsi katika Sanaa za Kiswahili: Kutoka Pate hadi Lubumbashi

1. Utangulizi

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha vitabu viwili, riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Kazi hizo zilizua mjadala ambao haujafungwa hadi leo. Katika riwaya, Kazimoto, kijana msomi, anajisimulia mwenyewe, anajihoji mwenyewe, na mwishowe anajiua. Wako wahakiki waliosema kwamba simanzi ya namna hiyo si ya Waswahili: imeletwa na vitabu vya Ulaya, hasa vya falsafa ya udhanaishi, na msanii wa Kiswahili wa jadi ni sauti ya jamii, hana nafasi ya kujisikitikia peke yake. Wengine waliipokea kauli hiyo kwa furaha, wakaiona nafsi hiyo mpya kuwa dalili ya maendeleo. Pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja, kwamba nafsi inayojitazama ni mgeni aliyeingia katika Kiswahili katika karne ya 20.

Mhadhara huu unalikanusha jambo hilo. Hapana shaka kwamba Kezilahabi alisoma falsafa ya Ulaya na kwamba usomaji huo unaonekana katika kazi zake. Lakini nyumba aliyoingia haikuwa tupu. Ushahidi utatolewa kutoka nyanja tatu, yaani utungo wa masimulizi, muziki na uchoraji, na kutoka sehemu tatu zilizo mbalimbali: Pate, Unguja na Katanga.

2. Maneno ya huzuni

Inafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili kina msamiati mpana wa hali hii: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, ukiwa. Huzuni limetoka katika Kiarabu na ndilo linalobeba maana ya jumla. Majonzi husemwa zaidi penye msiba. Kihoro ni uchungu wa kupoteza, uchungu unaoweza hata kumlaza mtu kitandani. Neno linalostahili kutazamwa zaidi ni ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumtegemea. Ukiwa ni hali ya mtu huyo, na pia ni hali ya mahali palipohamwa na watu. Kwa hiyo neno moja linataja moyo ulioachwa na mji ulioachwa. Lugha imekwisha kuunganisha hali ya nafsi na hali ya historia kabla mshairi hajashika kalamu.

Ipo pia methali isemayo kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asingoje wengine kumtendea lililo lake. Lakini ndani yake mna kanuni ya utaratibu wa huzuni. Matangani watu hukaa pamoja, hula pamoja na hulia pamoja. Hata hivyo sauti ya kwanza ni ya mmoja. Jamii haimwondolei mfiwa nafsi yake, bali inaingia katika kilio alichokianza yeye. Kanuni hiyo ndiyo itakayofuatwa hapa.

3. Pate: mshairi na moyo wake

Al-Inkishafi ni utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. William Hichens aliuchapisha mwaka 1939, na tangu hapo umesomwa zaidi kama mawaidha ya dini. Kusomwa hivyo ni haki, kwa sababu mshairi anakumbusha kwamba dunia ni ya kupita na kwamba hesabu inangoja. Lakini namna alivyochagua kulisema jambo hilo ina maana kubwa. Hawahutubii watu wa msikitini, bali anauhutubia moyo wake mwenyewe. Anauuliza, anaukaripia, anaubembeleza, na moyo haujibu.

Baada ya hapo anauonyesha moyo huo magofu. Majumba ya mabwana wa Pate yaliyokuwa na taa, vyombo vya kaure katika vidaka vya ukutani na vitanda vya fahari, sasa ni makazi ya popo na bundi. Hii si picha ya kubuni. Pate ilikuwa na biashara kubwa na utajiri uliojulikana katika pwani nzima, kisha ikadhoofishwa na ugomvi wa watawala na vita; kushindwa kwake pamoja na Mazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1812, kulikamilisha anguko hilo. Mtungaji alizungumza juu ya watu wa mji wake na juu ya kuta zilizokuwa mbele ya macho yake.

Hapo ndipo neno ukiwa linapopata uzito wake wote. Mshairi anaposema na moyo, anasema na Pate. Anapousikitikia mji, anajisikitikia yeye atakayefuata njia ileile. Kwa hiyo tafakuri ya nafsi haikuwa kinyume cha wajibu wa kijamii, bali ilikuwa njia ya kuutimiza. Aliyeanza kilio alikuwa mfiwa, na wasomaji wa vizazi vilivyofuata ndio wa mbali walioingia.

4. Unguja: sauti ya Siti binti Saad

Pingamizi moja laweza kutolewa hapa. Sayyid Abdalla alikuwa mtu wa ukoo wa masharifu, msomi na mwenye nafasi ya kukaa na kutafakari. Je, mtu wa chini naye alikuwa na haki ya kuitoa huzuni yake hadharani?

Jibu linapatikana kwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, yeye alikuwa msichana. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuuza, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 akahamia mjini, akajifunza kuimba taarabu. Taarabu ilikuwa muziki wa jumba la Sultani, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri zilizovuka mipaka ya Unguja na kusikika Afrika Mashariki nzima.

Nyimbo zake nyingi zilikuwa za mafumbo, na fumbo hudhaniwa kuwa njia ya kuificha nafsi. Ukweli ni kwamba fumbo liliipa nafsi mahali pa kusimama. Wapinzani wake walipomwimbia kejeli kwamba alikuja mjini na kaniki na kwamba bila sauti asingepata chakula, aliwajibu kwa wimbo kwamba hoja si sura wala nasaba, bali akili. Majibizano hayo yalikuwa ya watu wawili, lakini kila aliyevaa kaniki aliuelewa wimbo kuwa ni wake.

Wimbo wa Kijiti unalionyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Unahusu tukio la kweli la mwanamke aliyekuja Unguja kutembea akauawa. Mwuaji alikimbilia bara, na hukumu ikawaangukia wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Mahakama ya kikoloni ilikuwa na kumbukumbu zake, na watu wa Ng'ambo wakawa na wimbo wao. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wa Unguja, ameonyesha jinsi nyimbo hizi zilivyobaki kuwa kumbukumbu ya dhuluma ambayo maandishi rasmi yaliitazama kwa jicho jingine. Huzuni hapa ni ushahidi uliokataliwa mahakamani ukapokewa barazani.

Siti alifariki mwaka 1950. Mwaka 1958 ulichapishwa wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Uhusiano huo si wa bahati tu. Katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, Shaaban Robert alikuwa amekwisha kusimulia kifo cha mkewe Amina na kumtungia shairi la maombolezo. Mwandishi aliyethubutu kuuweka msiba wa nyumbani kwake mbele ya wasomaji ndiye aliyeona kuwa maisha ya binti wa mfinyanzi yanastahili kitabu. Aliyaandika hayo miaka mingi kabla ya Kichwamaji.

5. Katanga: picha za ukumbusho

Nyanja ya tatu iko mbali na pwani, katika miji ya migodi ya Katanga. Kiswahili kilikuwa lugha ya wachimbaji wa shaba na familia zao, na katika miaka ya 1960 na 1970 palistawi huko uchoraji uliouzwa kwa bei ndogo na kutundikwa katika vyumba vya kupokelea wageni. Wachoraji walitumia turubai za magunia ya unga. Picha iliyopendwa sana ni ile iitwayo Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa fimbo, na ofisa Mbelgiji anatazama.

Mgeni angeweza kuuliza kwa nini mtu aliyepigwa, au ambaye baba yake alipigwa, anunue picha ya kipigo na kuitundika anapokula na watoto wake. Wenyewe walikuwa na jibu la neno moja: ukumbusho. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti huko, alilikuta neno hilo likitumiwa na wachoraji na wanunuzi. Ukumbusho si kumbukumbu tu, kwa maana kumbukumbu ni kitu kilichopo na ukumbusho ni tendo la kumfanya mtu akumbuke. Picha hutazamwa, mwenye nyumba huanza kusimulia, na mgeni huongeza lake.

Mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alilifikisha jambo hili mbali. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, akiieleza kila picha kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Patrice Lumumba na wenzake wawili waliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji huo, Tshibumba akiwa kijana wa miaka 13 au 14. Alipokichora kifo chao, aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Hakuna hati iliyomwelekeza kuiweka. Misalaba hiyo ni tafakuri yake, hukumu yake na maombolezo yake juu ya tukio ambalo kila mtu alilijua na wachache waliweza kulisema.

6. Hitimisho

Nyanja hizi tatu hazifanani, na haidaiwi hapa kwamba Siti alimsoma Sayyid Abdalla au kwamba Tshibumba alizisikia santuri za Siti. Linalozikutanisha ni utaratibu mmoja: nafsi inasema kwanza, kupitia moyo unaohutubiwa, fumbo au picha ya ukutani, na jamii inaingia katika maneno yake. Kazimoto wa Kezilahabi, kwa hiyo, si wa kwanza kujihoji kwa Kiswahili. Upya wake uko mahali pengine. Yeye alilia, na wa mbali hawakuingia. Huko kukosa mwitikio ndiko kunakomwangamiza, na hakueleweki vizuri bila kuujua utaratibu uliovunjika.

Lipo na fundisho kwa wanaosomesha lugha hii. Tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, na Kiswahili cha Katanga kimehesabiwa kuwa lugha iliyoharibika. Matokeo yake ni kwamba neno ukumbusho, ambalo wachimbaji wa shaba walilifanya kuwa dhana ya sanaa na historia, halipatikani katika vitabu vya uhakiki vinavyosomwa vyuoni Afrika Mashariki. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajulikani alikoishia. Picha za mfululizo wake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum, Amsterdam, mbali na vyumba vya Lubumbashi ambavyo picha za namna hiyo zilichorwa kwa ajili yake.

Santuri huvunjika, magunia ya unga huoza, na wazee wanaokumbuka hufariki. Fasihi inayojihesabia tu yale yaliyoandikwa kwa lugha sanifu itakuwa imewafungia mlango wafiwa wake wenyewe. Kilio wamekwisha kukianza. Wanaongoja ni wa kuingia.