Kongosho na Wiki Nne

"Daktari, mbona hammpasui?" Swali hilo nimeulizwa na ndugu wa karibu kila mgonjwa wa kongosho aliyelala wodini kwangu huku tumbo limejaa na homa haishuki. Wana haki ya kuuliza. Jibu lenyewe lilitafutwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na waliolilipia ni wagonjwa.

Mwaka 1889 Reginald Fitz wa Boston alikusanya visa vya watu waliokufa kwa maumivu makali ya tumbo, akavitenganisha: kongosho lililovuja damu, lililotunga usaha, lililooza. Akaonya pia kwamba kupasua mapema ni hatari kubwa. Mwaka 1896 Hans Chiari akaeleza kiini cha maradhi: juisi iliyoumbwa kumeng'enya chakula utumboni huanza kulila kongosho lenyewe. Mwaka 1901 Eugene Opie, huko Baltimore, akakuta kwenye maiti kijiwe cha nyongo kimekwama pale mfereji wa nyongo na wa kongosho inapokutana.

Onyo la Fitz halikudumu. Wapasuaji walirudi kwenye kisu tena na tena, na ninawaelewa: ni vigumu kusimama mikono mitupu mbele ya mtu anayeugulia.

Kilichotutoa hapo ni kuhesabu siku. Mwaka 1974 John Ranson wa New York aliorodhesha dalili 11 za hatari, tano za kupimwa mgonjwa anapofika na sita ndani ya saa 48. Mkutano wa wataalamu wa kongosho wa Atlanta wa 1992, na marekebisho yake miaka 20 baadaye, ukatupa ramani. Wiki ya kwanza mwili mzima huwaka. Mapafu na figo zinaweza kushindwa. Baadaye nyama iliyokufa huweza kuingiwa na vijidudu. Ikifika wiki ya nne hivi, ukuta huwa umejijenga kuizunguka, na hapo ndipo kuigusa kunapokuwa salama zaidi.

Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 88 waliofikia hatua hiyo. Kati ya walioanza kwa kuwekewa mrija wa kutoa usaha, zaidi ya theluthi moja hawakuhitaji kabisa kuondolewa nyama iliyooza.

Wengi hawafiki huko. Hupona ndani ya wiki moja kwa maji ya mshipani, dawa za maumivu na chakula kinachorudishwa mapema. Mwenye vijiwe tunamtoa mfuko wa nyongo kabla hajaruhusiwa, maana kijiwe kingine kikishuka, tunaanza kuhesabu upya.