Kanga ya mama na kaniki isiyotajwa

Kwenye kipindi kilichopita tulicheka sana kuhusu "vazi la asili". Mnajua tena: shule inaandaa siku ya mataifa, Wakurdi wanakuja na lao, Wasomali na lao, na mama zetu wanafungua sanduku, harufu ya udi inajaa nyumba nzima, wanatoka na doti ya kanga. Mwalimu akiuliza vazi hili limeanza lini, jibu ni lile lile: tangu enzi na enzi. Nilisema nitaliandikia jibu hilo, kwa sababu si kweli, na ukweli wenyewe una utamu wake. Una uchungu pia, na huo uchungu ndio kwetu hausemwi.

Kanga ni kitu cha mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake pwani ilivaa merikani, pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem zikawa zinaleta vitambaa na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Hebu fikirini kidogo: pamba iliyovunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani ilifumwa kaskazini, ikavuka bahari, ikaja kuvaliwa na watumwa wa Zanzibar. Ikichovywa kwenye nili hadi iwe nyeusi-bluu iliitwa kaniki, na kaniki ilikuwa nguo ya mjakazi. Ukimwona mtu njiani ulijua yeye ni wa nani. Kichwa wazi, miguu mitupu, kaniki kifuani. Viatu na kilemba vilikuwa vya waungwana.

Kisha zikaja leso, zile za rangi rangi ambazo jina lake limetokana na Kireno. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mjini walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita kwa pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja kubwa. Wafanyabiashara wakaona soko hilo na kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa tayari, chenye pindo na mji. Madoadoa ya zile za mwanzo yaliwakumbusha watu ndege kanga, na jina likakaa. Mombasa wengi bado wanasema leso.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya sheria ile hadi 1909. Yaani karatasi zilikwenda polepole. Nguo zilikwenda mbio. Wanawake waliohamia Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari ukitoka Mji Mkongwe, waliiacha kaniki na kununua kanga kwa pesa walizochuma wenyewe. Hakuna aliyewagawia. Mtindo ulibadilika haraka kiasi kwamba kanga ya msimu uliopita ilimdodea mwenye duka, na viwanda vya Manchester na Helmond kule Uholanzi vilijikuta vikihangaika kufuata matakwa ya wanawake ambao miaka michache nyuma hawakuruhusiwa hata kufunika kichwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo historia ya fasheni, kuliko maonyesho yote ya Paris.

Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, linajulikana hadi leo kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Kwa hiyo, Mhindi wa Mombasa, mchapaji wa Ulaya asiyejua Kiswahili, na mwanamke wa Ng'ambo mwenye la kusema kwa jirani yake. Akiniuliza mtu kanga ni ya Kiafrika kweli, namwambia ndiyo, tena sana, maana hakuna mwingine aliyeamua ivaliwe vipi na imseme nani.

Na Waswidi wasitucheke. Mwaka 1778 mfalme Gustav wa Tatu aliamua kwa amri watu wa tabaka la juu wavae nini, akibana anasa. Lile vazi la kitaifa la bluu na njano tunaloliona kila Juni 6 lilibuniwa na Märta Jörgensen mwanzoni mwa karne ya 20, likapewa hadhi rasmi mwaka 1983 tu. Metro ya hapa Husby ni kongwe kuliko hadhi hiyo, ilifunguliwa 1977! Kanga ya mama ni "asili" zaidi, kama ni mashindano.

Sisi pia tunakaa ng'ambo. Kati yetu na mji kuna treni ya bluu, na nguo zinasomwa. Mei 2013, magari yalipochomwa hapa, sweta lenye kofia lilitosha kumfanya kijana atazamwe mara mbili Kista. Mimi nafanya kazi Kista, kituo kimoja tu kutoka nyumbani, na najua vizuri nguo ninayoivaa ili nisiulizwe natafuta nani.

Ninachokitaka sasa ni kidogo. Kwetu nyumbani kuna hadithi za babu aliyetoka Hadhramaut, zina majina, zina meli, zina tarehe. Upande wa bibi mzaa bibi hakuna kitu, jina moja tu, tena jina la aina ile waliyopewa wajakazi. Nilimuuliza mama alikuwa akivaa nini. Akasema, "Kaniki, kama watu wa shamba wote," akaenda kuangalia wali. Sikumfuata jikoni. Watu wazima wengi wa pwani wamelelewa wasiulizane asili, kwa adabu na kwa hofu, na adabu hiyo imewalinda wengi.

Lakini nimeshaongea na shangazi yangu Michenzani. Amesema nimpigie Jumapili baada ya alasiri, nisiwe sebuleni na mama.