Mbogo kwa Mujibu wa Nani

Jina la Rwimbogo, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, limemficha mnyama ndani yake: imbogo kwa Kinyarwanda, mbogo kwa Kiswahili. Kiswahili hakikutosheka, kikaongeza nyati. Wale wa msitu wa Nyungwe, ulioingia hadi wilaya hiyo, waliwindwa wakaisha katika miaka ya 1970. Wamebaki kwenye majina na kwenye rekodi.

Rekodi ya mnyama ikitoka kompyuta ya makumbusho moja kwenda nyingine huhitaji umbizo, yaani makubaliano kuhusu nyuga za kujazwa na maana ya kila uga. Shirika la TDWG, la viwango vya taarifa za viumbe, lililoanza 1985, limepitisha maumbizo kadhaa. Linalojulikana zaidi ni Darwin Core, la 2009. Humo mbogo wetu ataandikwa Syncerus caffer (Sparrman, 1779). Mabano hayo si pambo: yanatuambia kwamba Sparrman alimweka mnyama huyu katika jenasi nyingine, Bos, akahamishwa baadaye. Hata washairi wetu wa tarbia hawabani maneno kiasi hicho.

Lakini jina, hata likiandikwa sawasawa, halijasema mpaka wake uko wapi. Mwaka 2011 Colin Groves na Peter Grubb waliwagawa nyati wa Afrika katika spishi nne; wa milima ya Virunga wakamwita Syncerus mathewsi. Wengi hawakuwafuata. Basi Syncerus caffer ya mtu mmoja ni nyati wote wa bara hili, ya mwingine ni baadhi yao tu, na herufi ni zilezile. TDWG ililiona tatizo hili mapema: mwaka 2005 ilipitisha TCS, umbizo la kusafirisha dhana pamoja na jina, ambamo jina huandamana na “kwa mujibu wa nani”. Likikosa uga huo, jina ni hadithi isiyo na isnadi.

Sisi wa Kiswahili tunao ugomvi huohuo nyumbani, katika neno ngeli. Kwa mwanabiolojia, ngeli hukaa kati ya faila na oda, na ya mbogo ni mamalia. Wanasarufi nao hawapatani. Anayetazama umbo la nomino humpanga mbogo pamoja na nyumba na ngoma. Anayetazama upatanisho humtia katika A-WA, pamoja na mwalimu, kwa kuwa husemwa mbogo anakuja, si mbogo inakuja. Mtahiniwa hupata alama au hukosa kutegemea kitabu kilicho mezani kwa msahihishaji.

Nikiulizwa uga ule wa TCS tuuiteje, nitakataa “chanzo”. Chanzo hutaja karatasi ilikotoka dhana. Mimi namtaka aliyechora mpaka. “Kwa mujibu wa” ni maneno matatu, nao waandishi wa programu hupenda moja. Wayaunganishe basi, ila wasiikate “wa” ya mwisho, maana hapo ndipo mtu hutajwa.